Futari ya Betri

Siku ya mwisho ya Shaabani, alasiri, fundi Odera wa Nateete alipanda Old Kampala na paneli ya jua kwapani, ukubwa wake kama sinia la pilau, na mkononi amebeba betri ya lithiamu ndani ya mfuko wa sukari. Betri hiyo aliiunda mwenyewe kwa seli za kompyuta zilizokufa. Alikuwa ameijaribu juu ya bati la duka lake, ikafika volti kumi na mbili na nusu kabla watu hawajala chakula cha mchana, kisha akaipunguza kwa taa ili ifike kwa mteja na nafasi tumboni. Kumi na mbili na nusu ndiyo shibe ya betri ya namna ile. Ikishuka hadi kumi, hiyo ni njaa, na fundi mwenye adabu haiachi ishuke zaidi.

Odera alikuwa Mkenya, mwimba besi wa kwaya kule Lubaga, na katika kazi alikuwa na msimamo wake. Hakubali kuiacha kazi mpaka aione betri ikipokea chaji kwa mteja, kwa macho yake, si kwa kuambiwa. Aliwaeleza wateja kwamba betri inayokula vizuri kwao inaweza kufika ukweni ikasusa. Wateja walicheka, wakadhani ni maneno ya biashara.

Mteja wa safari hii alikuwa Hajati Kaltumi, mwalimu wa Kurani. Nusu ya wanawake wa Kiislamu wa kilima kile walijifunza alifu kwake, na nusu nyingine walichapwa naye bila kujifunza. Nyumba yake ilikuwa ya chini, yenye ukumbi mrefu, ilijengwa na babu yake aliyetoka Bagamoyo na msafara, akaona kilima, akaona mwanamke, akasahau kurudi. Wasichana walikuja kusoma hapo ukumbini kila siku wakitoka shule, wakakaa mikekani mpaka isha.

Tatizo la ukumbi ule lilikuwa giza, na giza lile lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni Haji Tajudin, mtoto wa marehemu kaka yake Hajati, aliyerithi kiwanja cha pembeni. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akaahidi kujenga ghorofa mbili za maduka, basi. Akajenga mbili, akasahau kusimama, akaja kukumbuka kwenye ya saba. Kila ghorofa aliipa kibaraza kirefu kuliko cha chini yake, hata cha juu kabisa kikawa kimelivalisha bati la shangazi yake kofia. Nguzo iliyokuwa ikileta umeme kwa Hajati ilikutwa katikati ya msingi, ikang'olewa, na nguzo mpya inangojwa mpaka leo. Taa ya mafuta nayo ilimkohoza Hajati hadi watoto wakawa wanamshika mgongo.

Tajudin, kwa kuwa ni mtu wa heshima, aliliona giza hilo akamwonea shangazi yake huruma. Akapendekeza ainunue nyumba, aivunje, pawe mahali pa kuegesha magari ya wateja wake, na Hajati akapumzike kwa jamaa Jinja. Hajati akasema hajachoka. Wazee wa ukoo wakakaa, wakanywa chai, wakaamua hivi: watoto wakihitimisha juzuu zao kabla ya Idi, darasa ni darasa na nyumba ibaki. Wasipohitimisha, shule isiyoonekana si shule, na Hajati atie saini. Ndipo Hajati akamwita Odera.

Odera alipanda juu ya bati, akapima, akakuta jua la pale halitoshi kuamsha hata nzi. Akaamua kwamba kwa majaribio ataweka paneli chini mtaani, kwenye kipande cha jua mbele ya baraza, na kuikalia karibu. Isingekuwa njia ya kudumu, maana mtaa ule kitu kisicho na mtu hupata mtu, lakini lilikuwa jaribio. Alifunga waya, akakipachika ukutani kile kisanduku cha kusimamia chaji ambacho mafundi hukiita kontrola, akaiweka betri kwenye rafu kando ya misahafu, akaaga kwamba majaribio ni kesho jua likiwa juu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mila yake. Mwezi ukiandama, mkubwa wa nyumba hutamka nia ya kufunga kwa sauti, kwa niaba ya kila aliyemo ndani, kwa sababu bibi yake Hajati aliwahi kuwa na watoto wengi wasahaulifu na hakutaka kubahatisha. Hajati aliinua mikono, akasema kwamba wote waliomo humu wamenuia kufunga kesho faradhi ya Ramadhani kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Paka alikuwa nje. Betri ilikuwa ndani, na hakuna aliyesema isipokuwa betri.

Kesho yake mchana jua liliwaka mtaani vizuri kabisa. Odera alipima ncha za paneli, zikatoa volti za kutosha na kubaki. Akaunganisha. Kontrola ilikaa na kitaa chake chekundu, betri haikupokea kitu. Akabadilisha waya. Akafungua skrubu, akazikaza upya. Akaweka kontrola nyingine aliyokuwa nayo mfukoni, nayo ikawasha kitaa chekundu. Paneli ilikuwa inatoa, betri haitaki.

Pembeni alikuwa amekaa Jalia, mama wa mmoja wa wasichana, akisukuma manda za sambusa za kuuza jioni, naye amefunga. Alimtazama fundi akihangaika, akaitazama betri.

"Huyu amefunga, sebo," alisema, akimwita bwana kwa Kiganda. "Wacha kumusumbua."

Hajati aliitwa. Aliikumbuka nia yake ya jana, akairudia moyoni neno kwa neno, akakubali kwamba ndivyo. Odera aliuliza kama betri inaweza kufunguzwa. Hajati akasema yeye katika umri huu hawezi kumfunguza mtu aliyefunga, akaulizwe sheikh. Sheikh wa msikiti mdogo wa barabara ya chini alisikiliza akiwa anafunga kiatu, akauliza kama betri ni mgonjwa. Odera akasema hapana, ni nzima, ameipima seli moja moja. Je, ni mtoto? Odera akasema umri wake ni mgumu, maana kila seli ina mwaka wake, ila nyingi ni kubwa kuliko wanafunzi. Je, iko safarini? Odera akasema imetoka Nateete. Sheikh akasema Nateete si safari.

Basi wakangoja. Magharibi adhana iliposhuka kutoka msikiti mkubwa wa juu, Hajati aligawa tende, akampa na Odera, na kwa adabu akaweka moja juu ya betri. Tende haikuguswa. Lakini kitaa cha kontrola kiligeuka kijani, na mita ya Odera ikaanza kupanda: kumi na moja, kumi na moja na nusu, bila pupa, kama mzee anayeanza na uji. Paneli ilikuwa imeegemezwa ukutani, uso wake umeelekea kwa Tajudin. Kule upande wa pili taa za maduka ya chini zilififia kidogo, zikafuatia za ghorofa ya kwanza, kisha ya pili. Ilipofika kumi na mbili na nusu betri iliacha, ikawa imetosheka. Odera akawasha taa tatu alizoning'iniza ukumbini, na wasichana wakafungua vitabu.

Mtu mwingine angechukua pesa yake akaondoka. Odera alikuwa bado anajaribu. Siku iliyofuata aliirudisha betri Nateete, juu ya bati lilelile ilikokula juzi, ikakataa, sawasawa na alivyosema sheikh. Akangoja apate safari ya Masaka, ambako alikuwa na mteja wa pampu. Alikaa dirishani mwa basi, paneli imeegemea kioo, betri mapajani. Walipopita Mpigi haikula. Buwama haikula. Baada ya Lukaya, masafa ya msafiri yalipotimia, kitaa kikawa kijani, ikala hadi Masaka bila kuinua kichwa, na alasiri waliporudi ikafunga mdomo palepale Lukaya. Odera aliridhika. Sasa aliielewa kazi yake. Sheikh alipopewa habari alisema sawa, msafiri anaruhusiwa, ila siku ile betri itailipa baada ya Idi.

Juzuu zikaanza kusogea. Wasichana waliokuwa wakisoma kwa kukisia sasa waliona nukta na irabu, na Hajati aliona makosa aliyokuwa akiyasikia tu, akawa mkali zaidi. Wazazi waliokuwa wamewahamisha watoto waliwarudisha, wengine wakijifanya mtoto alikuwa anaumwa. Odera alizoea kupita kila magharibi kupima, na kupima kulikwenda sambamba na muhogo wa nazi, sambusa za Jalia na tambi. Alisema ni ufuatiliaji wa kazi. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa alikuwa akiosha vyombo.

Upande wa pili mambo hayakuwa matamu. Wenye maduka walilalamika kwamba kila magharibi taa zinalegea, na Tajudin akaita mafundi wa umeme, mmoja baada ya mwingine. Walifungua masanduku ya ukutani, wakafunga, wakasema kila kitu kiko sawa. Mwishowe Tajudin alifanya jambo la akili. Alisimama kwenye ngazi magharibi ilipoingia, akaufuata ufifio ulivyokuwa unakwenda, ukamtoa nje, ukamzungusha pembeni, ukamfikisha ukumbini kwa shangazi yake. Watu walikuwa wamekaa mkekani wanafuturu, Odera na muhogo mdomoni.

"Shangazi," alisema Tajudin, "shikamoo. Betri yako inakula taa zangu."

"Marahaba, mwanangu. Inafuturu."

"Lakini taa ni zangu."

Hajati alimaliza tende yake, akaweka kokwa kwenye kisahani.

"Sahani ya futari ilikuwa inatoka kwenu kuja hapa kila magharibi, tangu uhai wa baba yako," alisema. "Ilikoma ulipoanza ghorofa ya tatu. Mimi niliona haya kuuliza. Betri haina haya."

Wanawake walikuwa wanamtazama Tajudin, na kumnyang'anya futari aliyefunga ni jambo ambalo lingefika Nateete kabla yeye hajafika nyumbani. Jalia akasogea kumpa nafasi. Akakaa, akala, akasifu tambi, akaondoka.

Kesho yake magharibi aliamuru taa za jengo zote zizimwe mpaka betri ikate tamaa. Betri ilikaa na kitaa chekundu, ikasubiri kwa utulivu. Waliokata tamaa ni wenye maduka, kwa kuwa saa ile ndiyo ya watu kununua nguo za Idi, na mama mmoja aliyelipia gauni la kijani alifika nje akakuta amebeba jekundu, akarudi na ndugu zake. Taa zikawashwa. Betri ikala.

Hapo Tajudin akapata wazo bora. Ijumaa iliyofuata watu walisikia msikitini kwamba Haji Tajudin, pamoja na mambo yake mengi, anamfuturisha shangazi yake kila siku kwa mwanga, nyumba nzima, na watoto wa watu. Wakamwombea. Wakamwambia Hajati ana bahati ya mtoto. Hajati aliitikia amina, maana ulikuwa mwezi mtukufu, kisha akaenda jikoni akapangusa sufuria ambazo zilikuwa safi. Ilimuuma. Alimwambia Jalia wazi kwamba inamuuma: mtu akunyime jua, kisha asifiwe kwa kukupa taa. Jalia alisema na yeye inamuuma, wakapangusa sufuria wote wawili.

Kabla ya Idi wasichana walihitimisha. Wazee wa ukoo walikuja wakakaa chini ya taa tatu, wakasikiliza mmoja mmoja akisoma mahali alipofungua mzee mwenyewe, kwa kubahatisha, ili pasiwe na ujanja. Mtoto wa Jalia alisoma bila kupumua. Hajati alilia, akasema ni moshi, na moshi haukuwepo. Wazee wakala pilau, wakatamka kwamba darasa ni darasa. Wakaongeza, wakati wanatafuta viatu, kwamba sharti linaendelea: siku ukumbi utakapokosa mwanga, mazungumzo yatafunguliwa upya.

Idi ikaja. Siku ya Idi hakuna ruhusa ya kufunga, na betri ilikuwa ikijua hukumu vizuri kuliko Odera. Asubuhi kitaa cha kontrola kilikuwa tayari, betri iko wazi kula mchana kama watu wote. Lakini paneli ilikuwa imeshafungwa mahali pake pa kudumu, juu ya bati, na juu ya bati palikuwa na vibaraza vya Tajudin. Hakukuwa na cha kula. Magharibi nayo ilipoingia, betri haikuwa imefunga, kwa hiyo haikuwa na cha kufuturu. Odera, aliyekuja na soda za sikukuu, alipima akakuta kumi, na wakati anaitazama mita ikashuka chini ya kumi. Alizima taa mwenyewe ili asiiue. Alisikitika kwelikweli, akakaa nayo mapajani.

Tajudin alifika na sinia la biriani, amevaa kanzu mpya. Alikuta watu wamekaa gizani. Aliwapa mkono wa Idi mmoja mmoja kwa kupapasa, akamuuliza shangazi yake, kwa upole, kama awaarifu wazee au angoje kidogo.

"Ngoja," alisema Hajati. "Betri ina deni la Masaka."

Kabla ya alfajiri ya siku ya pili aliweka kiganja juu ya betri, akatamka nia kwa ajili yake na ya betri, na mchana wakafunga wote wawili, maana haifai kumnuilia mwingine funga huku wewe unakula. Magharibi kitaa kikawa kijani, na taa za Tajudin zikafifia. Baada ya hapo alifunga sita za Shawali. Zilipokwisha akafunga Jumatatu na Alhamisi, ambazo ni sunna, lakini wazazi hawapeleki mtoto kwenye shule inayoonekana Jumatatu na Alhamisi tu. Akaanza kufunga na siku za katikati. Gauni lilianza kumzunguka. Daktari wa kliniki alimshika mkono, akamwambia kwa umri wake na sukari yake anatafuta kaburi, na Hajati akajibu kwamba kaburini pia kuna giza.

Jalia ndiye aliyelikomesha hilo. Alisema Jumanne ni yake, hataki mjadala. Mama mwingine akachukua Jumamosi, mwingine Jumapili. Ijumaa waliiacha, kwa kuwa kuifunga Ijumaa peke yake hakupendezi, na darasa likapumzika. Ilibaki Jumatano. Wanawake walitazamana, kila mmoja na sababu zake, mmoja ana mimba, mmoja ananyonyesha, na Odera akajikuta amenyoosha mkono.

Sheikh alisema hilo hajaliona katika kitabu chochote, ikiwa ni pamoja na vile vya kulikataza. Kila Jumanne baada ya isha Odera aliweka kiganja juu ya betri, akatamka nia kwa Kiswahili safi, akamalizia kwa ishara ya msalaba, na betri haikumuuliza. Jumatano ya kwanza, dukani, alijisahau akanywa chupa nzima ya maji. Alishtuka, akafunga duka, akapanda kilimani akiwa na maneno ya kuomba radhi. Magharibi kitaa kiligeuka kijani kama kawaida. Hajati akamweleza kwamba aliyesahau amesamehewa, na kwamba betri inalijua hilo.

Miezi ikaenda hivyo. Kazi ilikuwa imekamilika, na Odera mwenyewe alikiri kwamba imefaulu majaribio yote. Jumatano moja ya jua kali, adhuhuri, alikuwa juu ya bati la Hajati akikaza boliti za paneli, tumbo likimlalamikia. Kwenye kibaraza cha juu yake Haji Tajudin alikuwa anakula matoke kwa mchuzi wa karanga, na harufu yake ilikuwa inashuka.

"Fundi, karibu chakula."

"Asante, Haji. Leo zamu yangu."

Tajudin aliitikia kwa heshima, akaendelea kula. Kisha akaegemea ukingo. Alisema kuna jambo limekuwa likimnyima raha, hataki kumharibia shangazi yake.

"Nikiongeza ghorofa ya nane, hiyo paneli yenu itadhurika?"

Odera alifikiria. Alitamani sana kusema ndiyo. Lakini hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu kipimo, na njaa ilikuwa imemwondolea nguvu za kutunga uongo.

"Hapana, Haji. Haitegemei jua tena."

"Alhamdulillahi," alisema Tajudin, na alisema kwa moyo mweupe kabisa. Alinawa mikono, akaingia ndani kupiga simu. Saruji na mchanga vilifika kesho yake asubuhi, Alhamisi, siku ambayo aliyefunga alikuwa Hajati.